Mbio Zimekwisha, na Kesho Je?

Wasomaji wapenzi, leo naomba mniwie radhi. Katika ukurasa huu mmenizoea kwa habari za mashairi, za lugha na za mila zetu za pwani, na leo nawajia na habari za jasho. Mwezi wa Oktoba mwaka huu, vuli ilipokuwa ndiyo kwanza yabisha hodi, mimi mzee wenu wa miaka 56 nilivaa viatu vya raba, nikabandikwa nambari kifuani, nikakimbia mbio za barabarani za kilomita 10 hapa Mombasa. Sikushinda. Ukitaka kujua nilikuwa wa ngapi, hesabu waliokuwa nyuma yangu, maana hao hawakuwa wengi.

Lakini si kushinda wala kushindwa kulikonifanya nishike kalamu. Lililonishikisha kalamu ni swali nililoulizwa nilipofika mwisho wa safari, nikiwa nimeinama, mikono magotini, pumzi inapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Aliyeniuliza ni rafiki yangu tuliosoma naye chuo kimoja tangu tukiwa na umri wa miaka sita. Yeye hakukimbia. Alikuwa ameletwa na mwanawe, ameketi kwenye kiti cha magurudumu chini ya kivuli, kwa kuwa ugonjwa wa kisukari ulimla mguu wa kulia miaka mitatu iliyopita. Alinipa mkono, akacheka, kisha akasema: "Hongera, yakhe. Umemaliza. Na kesho je?"

Watu waliokuwa karibu walidhani ananifanyia mzaha. Mimi nilijua vyema maneno hayo yametoka wapi. Yalikuwa ya mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto alipokuwa akisoma sura yake bila ya kukwama, akaanza kutazama huku na huku apate kusifiwa, mwalimu hakuwa akimkemea wala kumpongeza. Alimwambia tu: "Vyema. Na kesho je?" Maana yake tuliielewa baadaye, tulipowaona wenzetu waliohitimu kwa shangwe, wakapikiwa pilau na kuvishwa kanzu mpya, kisha wakaacha kudurusu. Haukupita mwaka, msahafu ukawatoka kifuani kama maji katika pakacha. Kuhitimu ni siku moja. Kudurusu ni umri mzima.

Basi nataka leo tuzungumze habari ya kesho hiyo, kwa sababu naona ya kuwa sisi watu wa pwani tumekuwa hodari wa siku ya mbio, na dhaifu wa siku zinazofuata.

Kwanza nieleze kilichonitoa barazani. Mwaka jana nilikwenda kupimwa. Daktari akaniambia ya kuwa sukari yangu bado haijaingia ndani, lakini imesimama mlangoni, na presha ya damu imeshaingia na kuketi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika. Akaniuliza jioni nafanya nini. Nikamwambia naketi barazani na wenzangu, twanywa kahawa tungu, twala haluwa, twazungumza. Akauliza tena: "Na kutembea?" Nikamjibu ya kuwa huenda msikitini na kurudi. Msikiti wenyewe u mkabala na nyumba yangu. Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama kwa muda. Mimi nilikuwa nikiutazama mguu wa rafiki yangu, yaani mahali ambapo mguu huo haupo tena.

Nikaanza kutembea. Baada ya miezi miwili nikaanza kukimbia mdogo mdogo. Hapo ndipo nilipoyaona ya dunia. Katika mitaa yetu mtu mzima akionekana anakimbia, watu huuliza mambo mawili: ameiba nini, au anafukuzwa na nani? Wazee wenzangu wa baraza walinipokea kwa vicheko. Mmoja akasema nimeingiwa na utoto wa pili. Mwingine akasema mbio ni za watu wa bara, wa Eldoret na Iten, walioumbiwa mapafu na milima, na kwamba sisi Mungu ametupa bahari na upepo ili tupumzike. Sikubishana nao. Nilivuta pumzi, maana pumzi yenyewe ilikuwa haba.

Siku ya mbio tulikusanyika Makadara baada ya sala ya alfajiri. Walikuwapo vijana wengi, wasichana kwa wavulana, wakiwa na fulana mpya walizopewa na wenye kuandaa. Kipenga kikalia, nami nikafanya kosa ambalo kila anayeanza hulifanya. Nilitoka mbio pamoja na vijana. Nilipita Barabara ya Digo kama mshale, nikaingia Moi Avenue, nikapita chini ya zile pembe za ndovu kifua mbele, na wapita njia wakinipigia makofi. Tuliporudi na kushika njia ya Likoni, makofi yalikwisha na miguu nayo ikakwisha. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi ukingo wangu niliukuta karibu na kivuko cha feri, kilomita ya tano haijatimia. Nikatembea.

Tuliingia Mama Ngina, kwenye ile mibuyu mikongwe na upepo wa bahari, tukapita kando ya uwanja wa gofu. Hapo, nikiwa natembea kwa aibu yangu, nilikumbuka jambo lililonifariji kidogo. Uwanja ule ule, tarehe 24 Machi 2007, ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Walikuja mabingwa wa dunia nzima. Alikuwapo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu na fupi za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2006. Watu wote walidhani atashinda tena. Lakini joto la Machi la hapa kwetu halikumjali. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwishia, akasimama, akatoka nje ya njia. Ushindi ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Wengine wengi pia walishindwa kumaliza siku ile.

Yafaa tuelewe sababu yake, maana inatuhusu sisi kuliko inavyomhusu Bekele. Mtu akikimbia mwili wake hupata joto, na Mwenyezi Mungu ameupa mwili njia ya kujipoza, nayo ni jasho. Lakini jasho lenyewe halipozi mpaka likauke. Hewa ya bara ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka upesi. Hewa ya pwani imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho hutiririka tu likadondoka chini, na joto likabaki mwilini. Hapo moyo hulazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kupeleka damu kwenye miguu ikimbie, na kupeleka damu kwenye ngozi ipoe. Ndiyo maana mwendo ambao Kaptagat ni wa mchezo, Kisauni ni wa taabu. Basi wale wasemao kwamba pwani si mahali pa mbio wamekosea kwa upande mmoja tu. Pwani ni mahali pa mbio, ila ni chuo kigumu, na chuo kigumu hakitaki mwanafunzi wa kubahatisha.

Nilimaliza mbio zangu. Nilipewa nishani ya bati na chupa ya maji. Hotuba zikasomwa, picha zikapigwa, watu wakatawanyika. Kufika Jumatano nilikuwa nimeshaiona fulana moja ya mbio ikipangusia kioo cha tuktuk. Nilipouliza wenye kuandaa mazoezi yanayofuata yatakuwa lini, niliambiwa kwa upole, "Mwakani, mzee, inshallah." Inshallah ni neno tukufu, na haifai tulitumie kufunikia uvivu. Mwakani si jibu la "Na kesho je?"

Tazameni wenzetu wa nchi za baridi wanavyofanya. Huko Marekani na Uingereza wana majira yao ya majani kupukutika, ambayo wafasiri wetu wameyaita vuli, na wana majira ya baridi kali, ambayo wameyaazimia jina letu la kipupwe. Vuli yao ndiyo wakati wa mbio nyingi za barabarani, za mitaa na za miji mikubwa, kwa kuwa joto limepungua. Mbio hizo zikiisha, mkimbiaji mwenye akili hupumzika siku chache, kisha huketi na kalenda akapanga mazoezi ya kipupwe. Kwenye giza na theluji, ambako hakuna mtu wa kupiga makofi, ndiko anakojenga mbio za mwaka unaofuata. Anayelala miezi minne huanza upya mwezi wa Aprili, tena huanza akiwa mzito kuliko alivyokuwa.

Jambo hili lina historia inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Novemba 1987, mwana wa Kapsabet, Ibrahim Hussein, alishinda mbio za masafa marefu za New York, akawa Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Mwezi wa Aprili 1988 alishinda zile za Boston, akawa Mwafrika wa kwanza huko pia. Baina ya Novemba ile na Aprili ile kuna kipupwe kimoja tu. Na aliyemfuata Boston alikuwa jirani yetu, Juma Ikangaa wa Tanzania. Walikimbia kilomita 42 na ushei, na tofauti yao mwishoni ilikuwa sekunde moja: saa 2 dakika 8 na sekunde 43 kwa Hussein, na sekunde 44 kwa Ikangaa. Ebu fikirini. Sekunde moja katika kilomita 42! Mtu hawezi kusema sekunde hiyo ilipotelea Boston. Huenda ilipotea asubuhi moja ya miezi ya nyuma, mmoja alipoamka na mwingine akajigeuza upande wa pili.

Ikangaa naye hakuvunjika moyo. Boston akawa wa pili tena 1989, na wa pili tena 1990. Lakini baina ya mara hizo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Mtu huyu ndiye anayesifika ulimwenguni kwa kusema kwamba hamu ya kushinda si kitu ikiwa mtu hana hamu ya kujitayarisha. Hayo ni maneno ya Mwafrika Mashariki, na naona wageni wameyashika kuliko sisi.

Najua mtaniambia, "Mwandishi, sisi hatutaki kwenda Boston." Wala mimi sitaki. Daktari hakuniambia nimshinde mtu, aliniambia niishi. Lakini kanuni ni ile ile. Sukari na presha haziji siku moja, nazo haziondolewi kwa siku moja ya fulana na hotuba. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano. Nusu saa ni muda tunaoutumia barazani kubishana juu ya mechi ambayo hakuna miongoni mwetu aliyeicheza.

Tena sisi hatuna haja ya kuazima kalenda ya mtu. Wazee wetu walikuwa na majira yao, na waliyajua kwa pua na ngozi. Walijua kusi na kaskazi, kipupwe na demani, vuli na masika. Nahodha hakungoja siku ya safari ndipo akitazame chombo. Majira bahari ilipochafuka na safari kusimama, chombo kilipandishwa pwani, kikapigwa kalafati katika kila ufa na kupakwa deheni mpaka chini. Kazi hiyo haikuwa na ngoma wala vigelegele. Lakini chombo kilichokosa kalafati pwani kilikuja kuvuja katikati ya maji. Basi na mwili ni chombo. Majira ya kazi isiyo na vigelegele ndiyo haya tunayoyaingia sasa.

Nami nimejipangia hivi, na ninaweka mpango wangu hadharani ili wenzangu wa baraza wapate kunisuta nikiuvunja. Wiki moja baada ya mbio nilitembea tu, mwili upate kupona. Sasa, katika vuli hii, nakimbia siku tatu kwa juma, nusu saa kila siku, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha. Hili ndilo jambo ambalo sikulijua siku ya mbio. Mazoezi mengi hutakiwa yawe mepesi, na ni machache tu yanayotakiwa kuwa mazito. Kila juma naongeza kidogo sana, kwa kuwa mifupa na mishipa ya mtu wa miaka 56 huchelewa kuzoea kuliko moyo wake wenye hamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba mpaka Machi, ndipo kwenye mtihani. Hicho ndicho kipupwe chetu kwa maana ya ugumu, ingawa ni kinyume chake kwa hali ya hewa. Wenzetu hupambana na barafu, sisi hupambana na joto la nyuzi 32 na 33. Dawa yake ni alfajiri. Baina ya sala ya alfajiri na jua kuchomoza kuna takriban saa nzima yenye ubaridi, nayo ndiyo saa bora ya siku kwetu sisi. Mwislamu ameshaamka tayari na ameshatawadha. La zaidi analotakiwa ni kutorudi kitandani. Mwili huhitaji kiasi cha majuma mawili kulizoea joto, basi katika majuma hayo mtu apunguze mwendo, anywe maji kabla na baada, na akisikia kizunguzungu au baridi ya ghafla ilhali jua linawaka, asimame. Hata Bekele alisimama.

Miaka hii Ramadhani nayo inatuangukia ndani ya kaskazi. Wako watakaosema basi mwezi huo mtu aache kabisa. La, asiache, ila asijenge. Mimi nanuia kutembea nusu saa kabla ya magharibi, ili nikimaliza nikutane na tende na maji, au nikimbie kidogo baada ya tarawehe. Mwezi huo ni wa kuhifadhi kilichopatikana, na mwezi wenyewe una kazi kubwa zaidi ya hiyo. Mgonjwa wa kisukari au mwenye kutumia dawa za presha asifanye lolote kabla ya kumwona daktari wake, Ramadhani au siku nyingine yoyote. Kisha itakuja masika na matope yake, tutachukua siku kavu zitakazopatikana. Kipupwe chenyewe, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma na joto kushuka hadi nyuzi 27 au 28, ndipo tutakapozidisha umbali na kujaribu mwendo. Demani tutanoa. Oktoba tutakimbia. Huo ndio mwaka, nao unaanzia sasa.

Naijua lawama nyingine, ambayo ni nzito kuliko vicheko vya baraza. Wapo wanaosema mambo haya ni kuiga wageni, na kwamba mbio zinamwondolea mtu mzima heshima yake. Kwa hao nina majibu machache. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha safarini, na Bibi Aisha akamshinda. Na baadaye wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwa bashasha kwamba hii ni kwa ile. Kila aliyekwenda Hija amekwenda baina ya Safa na Marwa mara saba, na mahali maalumu hapo wanaume huongeza mwendo, wazee kwa vijana, na hakuna anayewaambia wamevunja heshima. Na Lamu, wakati wa Maulidi, mashindano ya punda na ya mashua yamekuwa sehemu ya furaha ya watu tangu hapo. Kwa hiyo kushindana si kugeni kwetu. Kigeni ni kuketi tu, na huko kuketi kumetujia pamoja na runinga na soda.

Hapo nataka kusema neno kuhusu mabinti zetu. Binti yangu wa mwisho, wa miaka 16, alikimbia siku ile akiwa na suruali pana, shati refu la mikono na mtandio kichwani. Alimaliza zamani kabla ya babake, akaniletea maji. Mama mmoja jirani alininong'oneza kama sioni haya kumwachia mtoto wa kike akimbie barabarani. Nilimjibu kwa adabu ya kuwa haya nimeiona nilipomwona yeye anaingia feri kwa kushikwa mikono huku na huku, naye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi. Nilijuta kusema hivyo, maana si maneno ya kumwambia mama wa watu, na baadaye nilikwenda kumtaka radhi. Lakini neno lenyewe silifuti. Wanawake wetu wanaugua sukari na presha kama sisi, nao wana nafasi finyu zaidi ya kutoka. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbio ndefu za wanawake zilishindwa na Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayekimbilia Uholanzi, na Hellen Obiri wetu akawa wa tatu. Sifan alipokwenda kupokea dhahabu yake alivaa hijabu mbele ya dunia nzima.

Basi ninayo maombi kwa wanaohusika. Kwa wenye kuandaa mbio, naomba wasiandae siku moja bali mwaka. Fedha za fulana chache zatosha kupiga alama za rangi kila nusu kilomita katika njia moja, na kijana mmoja mwenye saa na filimbi atosha kuwaongoza watu kila Jumapili alfajiri. Kwa wenye mamlaka, naomba viwanja vya wazi vibaki wazi, kwa kuwa kila kiwanja kinachozungushiwa ukuta huongeza foleni ya wagonjwa. Kwa maimamu wetu, naomba neno moja baada ya sala ya alfajiri: kwamba mwili ni amana. Kwa wakina mama na wasichana, wapewe kikundi chao na saa yao, waende pamoja ili wasisumbuliwe na mtu. Na kwa wazee wenzangu wa baraza, sina ombi ila mwaliko. Baraza haitahama. Tukirudi tutaikuta pale pale, na kahawa itakuwa tamu zaidi kwa kiu.

Juma lililopita nilimtembelea rafiki yangu nyumbani kwake. Nilimkuta anadurusu juzuu yake kama afanyavyo kila siku, maana mguu umemtoka lakini msahafu haujamtoka. Nikamwambia nina jibu la swali lake. Nikamwonyesha karatasi yenye siku zangu za mazoezi, kuanzia vuli mpaka vuli. Aliisoma yote polepole, kidole kikifuata mstari, kama tulivyofundishwa. Kisha akaniambia ya kuwa kila Jumapili alfajiri mwanawe atamsukuma mpaka Mama Ngina, na atakaa chini ya mbuyu na saa yake mkononi ili anipime. "Mimi nilipewa swali hili nikalichelewesha," akasema. "Wewe usilicheleweshe." Tangu siku hiyo tumekwisha kwenda mara mbili, na Jumapili iliyopita walikuja na wazee wawili wa baraza, wakisema wamekuja kutazama tu. Wote wawili walikuwa wamevaa raba.

Nanyi wasomaji, kwa kuwa mlinizoea kwa mashairi, sitawaacha bila ya ubeti mmoja:

Mwenye kutaka kushinda, huanza mapema mno,
Shamba lataka kupanda, ndipo uone mavuno,
Hatua moja kutenda, hushinda wingi wa neno,
Kasikazi ikitanda, na tujifunge kibwebwe.